"Someone" si "mtu fulani": Kiingereza kinavyolikwepa swali la "nani"

KATIKA tafsiri nyingi za habari tunazozisoma na kuzisikia hapa nchini, neno la Kiingereza "someone" limepewa mwenza mmoja tu asiyebadilika: "mtu fulani". "Something" nalo limeozwa "kitu fulani", "somewhere" likaozwa "mahali fulani", na "for some reason" likapewa "kwa sababu fulani". Ndoa hizi zimedumu kiasi kwamba anayezihoji huonekana kama mtu wa kutafuta makosa palipo shwari. Nitazihoji hata hivyo. Dai langu ni kwamba "someone" na "mtu fulani" hayafanyi kazi moja, na kwamba kila tunapoyalazimisha kuwa sawa tunambebesha msemaji maarifa ambayo hakudai kuwa nayo.

Hebu tukitazame Kiingereza kwanza, maana mambo yanaanzia huko. Zingatia sentensi hizi tatu: "Someone is knocking at the door", "Someone told me you are leaving" na "We need someone to teach French". Katika sentensi ya kwanza, msemaji amesikia mlango ukibishwa. Anajua kwamba yupo mtu nje lakini hajui ni nani. Katika ya pili, msemaji anamjua vizuri sana aliyemwambia; pengine walikunywa chai pamoja asubuhi hiyo. Anaamua tu kutomtaja. Katika ya tatu, mtu mwenyewe huenda hata hayupo. Shule ina pengo la mwalimu wa Kifaransa, na yeyote atakayefaa ataajiriwa.

Hizo ni hali tatu tofauti kabisa: sijui, najua ila sisemi, na bado hajapatikana. Kiingereza huzivika zote vazi moja. Sarufi yake haimdai msemaji aseme yuko katika hali ipi. Anaweka "someone" mahali pa nomino, anaendelea na safari yake, na msikilizaji anabaki na kazi ya kupambanua.

Kirusi hakikubali uzembe huo. Mrusi anayebishiwa mlango atasema "kto-to", yaani mtu asiyemjua. Akiwa anamjua mtoa habari wake ila hataki kumtaja, atasema "koe-kto". Na akiwa anamtafuta mwalimu ambaye bado hajapatikana, atatumia "kto-nibud". Akichanganya, wasikilizaji watamshangaa, au watachukulia kwamba amesema jambo ambalo hakulikusudia.

Mwanaisimu Mjerumani Martin Haspelmath aliyachunguza maneno ya aina hii, ambayo nitayaita viwakilishi visobainishi, katika lugha 40, Kiswahili kikiwemo, na akachapisha matokeo yake mwaka 1997. Alibainisha matumizi tisa na kuyapanga kama ramani, kisha akaonyesha kwamba kila lugha huichora mipaka yake kwenye ramani hiyo hiyo. Katika ramani hiyo, jamii ya "some" ya Kiingereza imejitwalia eneo pana: anayejulikana, asiyejulikana na asiyekuwapo wote wamo ndani ya ua mmoja. Jambo lililonivutia zaidi katika kazi yake, hata hivyo, ni lile linalohusu chimbuko la maneno haya. Lugha nyingi huyaunda kutokana na ungamo la wazi la kutojua. Walatini walisema "nescio quis", yaani "sijui nani", na hatimaye maneno hayo mawili yakaganda yakawa kama neno moja. Neno la Kiswidi "någon" na la Kidenmaki "nogen", ambayo leo yana maana ya "mtu" au "yeyote", yalitokana na sentensi nzima ya Kinorse cha kale yenye maana hiyo hiyo ya "sijui nani".

Na Kiingereza je? Nacho kilikuwa na neno la aina hiyo. Kiingereza cha kale, kile cha utenzi wa Beowulf, kilikuwa na "nathwylc", lililotokana na maneno matatu yenye maana ya "sijui yupi". Msemaji wa wakati huo alipolitamka, alikuwa ameungama. Neno hilo likafa. Kilichobaki ni "sum", ambalo lilikuwepo tangu zamani na ambalo halikuungama chochote. Likaja kuungana na "one", na "body", na "thing". Kwa hiyo Mwingereza wa leo anaposema "someone", shaka yake haionekani popote ndani ya neno. Imewekwa kando, nje ya mlango, na mazungumzo yanaendelea bila yake.

Sisemi kwamba huu ni upungufu wa lugha. Ni chombo, na kina faida zake. Wanamantiki wamekitumia kwa manufaa makubwa. Bertrand Russell, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1905 kuhusu namna maneno yanavyorejelea vitu, alionyesha kwamba kauli ya kukutana na mtu haimtaji mtu yeyote hasa. Inadai tu kuwa yupo mmoja, angalau, ambaye maelezo hayo yanamhusu. Dai ni la kuwepo, wala si la utambulisho. Anayesema "someone stole my phone" ameshakamilisha dai lake: simu imeibwa na mwizi yupo. Ukimuuliza ni nani, hilo ni swali jipya.

Hata jinsia ya mtu huyo huwekwa kando. "Someone has left their umbrella", husema Waingereza, na wamekuwa wakitumia "they" ya umoja namna hii tangu karne ya 14, ingawa wanasarufi wa karne ya 18 walijaribu kuwalazimisha waseme "he". Bunge la Uingereza lilikwenda mbali zaidi mwaka 1850 likatunga sheria kwamba katika sheria zake maneno ya jinsia ya kiume yahesabiwe kuwa yanawajumuisha wanawake. Msemaji wa Kiswahili anayatazama mapambano haya kwa mbali, akiwa ameketi kitako. "Mwavuli wake" haujawahi kutuuliza kama mwenyewe ni bwana au bibi.

Lakini chombo kinachoruhusu kutojua kuwekwa kando kinaruhusu pia kujua kufichwe. Mwanafalsafa Paul Grice alilieleza jambo hili katika makala yake ya 1975 kuhusu mantiki ya mazungumzo. Nikikuambia kwamba jirani yetu anakutana na mwanamke leo jioni, utaondoka ukiamini kwamba mwanamke huyo si mkewe, wala mama yake, wala dada yake. Sijasema hivyo. Lakini kama angekuwa mkewe ningesema "mkewe", na wewe unajua kwamba ningesema. Kutobainisha kwangu kumekwisha kukupa habari. Ndiyo maana Mwingereza akiuliza "Are you seeing someone?" hakuna anayedhani anauliza habari za macho. "Someone" hapo ni mpenzi. Kiswahili kina njia yake nzuri ya kulisema hilo, tena fupi kuliko yao: "Una mtu?" Ukitafsiri "Je, unamwona mtu fulani?" utakuwa umeligeuza swali la mapenzi kuwa la daktari wa macho.

Kiingereza kina hata neno "certain", ambalo mahali pengine lina maana ya hakika, lakini katika "a certain person" huashiria mtu ambaye msemaji ana hakika naye na hataki wewe uwe na hakika hiyo. Hapa ndipo tunapomkaribia "fulani" wetu.

Neno "fulani" tulilipata kutoka kwa Kiarabu, ambako "fulan" husimama mahali pa jina la mtu. Kazi hiyo limeendelea kuifanya kwetu. "Fulani bin fulani" ni jina lililoachwa wazi ili lijazwe. Anayesema "fulani kaniambia" ana jina mdomoni, amelimeza tu. Ndiyo sababu umbeya wa Kiswahili unalipenda neno hili: "Kuna dada fulani hapa mtaani, sitaki kumtaja..." Wote waliopo wanajua kwamba msemaji anaweza kumtaja, na wengine wameshamjua. Nakubali kwamba siku hizi wapo wengi wanaolitumia "fulani" hata kwa mtu wasiyemjua kabisa, na lugha hupanuka. Hata hivyo, harufu ya jina lililofichwa haijaondoka kwenye neno hilo. Jaribu kulitia katika tangazo la kazi: "Shule yetu inatafuta mtu fulani wa kufundisha Kifaransa." Atakayelisoma atacheka, kisha atasema kazi hiyo imekwisha kupata mwenyewe kabla ya tangazo kutoka. Aondoe "fulani" na sentensi inanyooka: "Shule yetu inatafuta mtu wa kufundisha Kifaransa."

Kama tunataka kumtafutia "fulani" mwenza wa haki katika Kiingereza, tusimtafute kwa "someone". Tumtafute kwa "so-and-so", au twende mahakamani tukamwone John Doe. Huyu John Doe ni jina la kubuni ambalo wanasheria wa Uingereza walilitumia kwa karne kadhaa katika kesi za kugombea ardhi, hadi mtindo huo wa mashtaka ya kubuni ulipokomeshwa na sheria ya mwaka 1852. Wamarekani wamelihifadhi hadi leo, kwa mlalamikaji anayefichwa jina na kwa maiti isiyotambuliwa. Lina binamu yake, Roe, lile lililokuja kujulikana duniani kote kutokana na uamuzi wa 1973 wa Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu uavyaji mimba. Mwanamke aliyeitwa Jane Roe alikuwa na jina, na mawakili wake walilijua. Huyo ndiye fulani barabara.

Wale wasiojulikana kwa kweli, sheria ya Kiingereza ina maneno mengine kwao. Mauaji ya wanawake ya Whitechapel, London, yalipochunguzwa mwaka 1888, jopo lilitangaza kwamba ni mauaji ya kukusudia yaliyotendwa na mtu au watu wasiojulikana. Hapo kutojua hakujawekwa kando hata kidogo. Kumetangazwa, kumeandikwa, kumetiwa sahihi. Sisi nasi tuna "watu wasiojulikana" katika taarifa za polisi, na hapo ningependa msomaji ajiulize swali moja dogo la kisarufi: wasiojulikana na nani? Kitenzi kimo katika kauli ya kutendeka, na mtenda, yaani yule asiyejua, ameachwa nje. Huenda polisi hawajui. Huenda kijiji kizima kinajua. Nchini Tanzania maneno haya mawili yamepata uzito wa kisiasa kiasi kwamba watu huyatamka kwa kejeli, na kejeli hiyo inapumua katika pengo hilo hilo.

Sasa turudi kwetu. Je, Kiswahili kina nini cha kumpa "someone" pale ambapo "fulani" hafai? Kina vitu vingi, na vingi vyake vimo katika mazungumzo ya kila siku ambayo wahariri wetu huyakata kwa kalamu nyekundu. Mlango ukibishwa, hakuna Mswahili anayesema "Mtu fulani anabisha mlango". Atasema "Kuna mtu anabisha hodi". Hilo "kuna" linafanya kazi ile ile aliyoieleza Russell: linadai kuwepo, basi. Msimulizi naye ana "mtu mmoja", ambaye hajulikani kwa sasa lakini msikilizaji ameahidiwa kwamba habari zake zinakuja. Aliyesahau jina kwa muda ana "nani": "Mpelekee nani... huyu... Otieno." Na asiyejua kabisa ana "sijui nani".

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka kulitetea. "Alikuja na sijui nani." "Wamepeleka ng'ombe sijui wapi." "Ati anadai sijui nini." Walimu wengi huyaona maneno haya kuwa ya mtaani, yasiyofaa kuingia katika maandishi. Lakini yaangalie vizuri. Ni "nescio quis" ya Walatini. Ni "nathwylc" ya Beowulf, ikiwa hai, inatembea River Road na Kongowea. Kile ambacho Kiingereza kilikipoteza, sisi tunacho, na tunakipiga marufuku kwa kuwa hatukukiona katika vitabu vya Kiingereza tunavyovitumia kama kielelezo. Nakiri kwamba "sijui" limeanza kuota mbawa nyingine, hasa la dharau: "Mara anataka sijui simu, sijui viatu, sijui nini." Hapo msemaji anajua vizuri kinachotakiwa, anachokataa ni kukiheshimu. Lakini matumizi hayo hayalifuti lile la kwanza.

Kwa nini haya yatushughulishe? Kwa sababu mahakamani watu hufungwa kwa maneno. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha inayotumika katika kesi. Lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, lakini kumbukumbu aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Tuseme shahidi anasema: "Kuna mtu alinipigia simu, sijui nani, akaniambia niende sokoni." Kinachoandikwa ni "Someone called me and told me to go to the market." Ungamo limeanguka njiani. Lile "sijui nani" limemezwa na "someone", na kwa kuwa "someone" huweza kuwa mtu anayejulikana, wakili wa upande wa pili ana haki ya kushuku. Anasimama, anauliza kwa Kiingereza kuhusu huyo "someone", na mkalimani anamgeuzia shahidi: "Huyo mtu fulani aliyekupigia simu, kwa nini hutaki kumtaja?"

Sasa hapo shahidi amenaswa. Aliingia akiwa asiyejua, ametoka akiwa anayeficha. Hakuna aliyesema uongo. Mkalimani alifuata kamusi, na karani aliandika alichosikia. Neno moja la Kiingereza lilipokea shaka yake likaiweka kando, na neno moja la Kiswahili likamrudishia ikiwa imegeuka kuwa siri. Mkalimani mwangalifu angesema "someone, I don't know who", maneno matano badala ya moja, na kesi ingechukua sekunde mbili zaidi.

Jamii ya "any" nayo imetuletea "yeyote" kila mahali. Vitabu vya shule hufundisha kwamba "some" ni ya kauli za kukubali na "any" ni ya maswali na kukanusha. Mwanaisimu Robin Lakoff alikwisha kuonyesha mwaka 1969 kwamba kanuni hiyo haisimami: kinachoamua ni matarajio ya msemaji. "Did someone call?" huulizwa na anayengojea simu, "Did anyone call?" na asiye na tamaa nayo. Kwetu, tofauti hiyo hatuitii katika kiwakilishi. Tunaitia mwanzoni mwa sentensi: "Si kuna mtu amepiga simu?" kwa anayetarajia, na "Kuna mtu amepiga simu?" kwa asiyetarajia. Anayeandika "Je, mtu yeyote alipiga simu?" ametafsiri neno akaacha swali. "Yeyote" ana kazi yake nzuri pale ambapo hatuchagui: "Mtu yeyote atakayetupa taka hapa atashtakiwa." Aachiwe hiyo. Katika kukanusha, "sikumwona mtu" hutosha, na ukitaka kukaza sauti, "sikumwona hata mtu mmoja" hukaza kuliko "yeyote".

Limebaki lile linalonikera masikioni zaidi, labda kwa kuwa linatoka kwa vijana wenye akili nzuri. Kiingereza cha mazungumzo kina mkia "or something": "He is a lawyer or something." Maryann Overstreet aliandika kitabu kizima kuhusu mikia ya aina hii mwaka 1999, na alionyesha kwamba haipo kwa sababu ya uvivu tu. Humwambia msikilizaji: usinishike kwa neno hili, lakini nadhani umenielewa. Ni adabu ya namna yake. Tatizo ni kuuburuta mkia wenyewe hadi katika Kiswahili: "Yeye ni wakili ama kitu kama hiyo." Wakili amegeuzwa kitu, na "kitu" kimekosewa ngeli.

Kiswahili hakihitaji mkia huo. Kina neno "hivi", dogo, jepesi, lisiloonekana sana kwa kuwa tumelizoea mno. "Ni kama wakili hivi." "Mtu mmoja mrefu hivi, wa makamo." Huyo anayesema "hivi" hajasema hajui, wala hajadai anajua, ameonyesha kwa mkono mahali ambapo ukweli upo, bila kuushika. "He left at four or something" si "aliondoka saa kumi au kitu". Ni "aliondoka saa kumi hivi".